Kipupwe cha Uani

Mwezi wa saba, Tabata Kisiwani, alfajiri.
Natoka uani na sweta la marehemu shangazi
juu ya kanga, soksi ndani ya kandambili.
Nazamisha mkono kwenye pipa:
maji yana meno.
"Baridi!" nauambia mchicha,
maana nyumba nzima imelala.

Nyumba nzima, isipokuwa mpangaji wa chumba cha nje.
Tulizo Sanga, mtu wa Makete,
kasimama kifua wazi anapiga mswaki,
ananicheka mpaka povu linamtoka puani.
"Bi Siwatu, hii nayo baridi?
Kwetu saa hizi sakitu imelala juu ya majani,
ng'ombe wakiyakanyaga yanavunjika kama bilauri."
Sijawahi kuiona sakitu.
Namwambia anisogezee ndoo.

Kipupwe kwangu ni kazi ya vikombe.
Masika yamefunga mlango,
vuli haijulikani kama itakuja,
bomba linakohoa Jumanne na Ijumaa,
nami nagawa maji kama mwenye watoto tisa na chungu kimoja:
yaliyooshea mchele, ya nyanya chungu;
suuza ya mwisho ya nguo, ya matembele;
yaliyooshea samaki ni ya mpapai,
mpapai haubagui.
Kusi inaruka ukuta, inaanika udongo kama nguo,
kwa hiyo naufunika kwa pumba za mpunga
kama unavyomfunika mtoto asiyetaka shuka,
kidogo kidogo, hadi asahau kukataa.
Jivu kwa vidukari. Kwa konokono, tochi na mikono hii.
Magoti hayapendi, lakini yanaijua njia.

Na raha yake? Usiniulize, kaa hapo,
juu ya kopo la rangi.
Saa tatu jua linaingia bila kuchoma;
jua la kipupwe lina adabu, hubisha hodi.
Figiri imetulia, jani nene,
mchicha haukimbilii kutoa mbegu kama ule wa Januari.
Chozi anakuja kwenye ua la mkomamanga,
ananing'inia, mdomo wote ndani, haniogopi,
na mimi sijongei
mpaka chai ya mchaichai inapoa mkononi.

Mwaka huu, basi, nikaona kitu pale ukutani
nyuma ya tairi la bamia:
vichipukizi vya kijani kizito juu ya tuta dogo
lililozungushiwa mawe kama kaburi la paka.
Sikupanda mimi.
Usiku nikasikia maji, nikachungulia dirishani.
Tulizo, na bakuli la maji ya kuogea,
ameinama, ananyunyiza kwa kiganja,
anayasemesha majani kwa Kikinga.
Maneno siyajui. Sauti naijua,
ndiyo ninayoutolea mchicha.

Asubuhi sikusema.
Nilipeleka pumba pale, konzi mbili.

Mwishoni mwa Agosti akaja na sufuria
ameifunika kwa mkono.
Viazi mviringo kumi na kimoja,
kikubwa chao kama gololi.
"Baridi haikutosha," akasema,
akiangalia miguu yake
kana kwamba ameniletea deni pungufu.

Tukavichemsha na maganda yake.
Chumvi, ndimu ya mti wetu.
Vilikuwa vitamu kuliko udogo wake,
vina ladha ya udongo uliojitahidi.
Vitano vyake, vitano vyangu;
kile cha kumi na moja tukakibishania,
"kula wewe", "la, wewe",
hadi kikapoa.

Kesho yake nilimkuta anapiga mswaki
amevaa shati,
kafunga vifungo vyote hadi shingoni.
Nilitaka kusema kitu.
Bomba likaanza kukohoa,
tukakimbilia ndoo.